Kochi Limeamka na Mvua

Masika yamenyesha usiku mmoja tu, kochi limeamka. Kochi lile lile lililopulizwa, likaanikwa, likafukizwa udi mpaka majirani wakauliza nani anaolewa. Kiangazi chote lilikuwa limetulia kama mtu aliyeokoka. Hewa imepata unyevu kidogo, harufu ya paka imerudi na mizigo yake yote.

Mkojo wa mtoto ukiuwahi kwa maji na sabuni, mmemalizana. Wa paka ni mzito zaidi, na asidi ya yuriki iliyomo ikikauka inakuwa vichembe kama vya chumvi, ila chumvi yenyewe ina utu, inayeyuka. Hivi vinajichimbia kwenye sponji na kukaa. Jua likiwaka vimelala, unyevu ukija vinafumuka upya. Na kama paka mwenyewe ni dume asiyehasiwa, huyo hakojoi kwa haja. Anapiga muhuri.

Ukiwa katika hali hiyo ndipo simu inalia, umeletewa "siri ya asili": siki kikombe kimoja, baking soda vijiko viwili, tia kwenye chupa, tikisa, puliza. Jamani. Siki ni asidi, baking soda ni kinyume chake. Zikikutana zinazichapa palepale, povu linapanda, gesi inatoka, na vumbi la vita likitulia umebaki na maji ya chumvichumvi yasiyo na ugomvi na harufu yoyote. Ukiwa umekaza kifuniko, gesi itatafuta njia, na njia yenyewe ni chupa kupasuka usoni pako. Yaani umenunua askari wawili wazima, ukawafungia chumba kimoja wauane, halafu maiti zao ndizo unazipuliza kochini. Na aliyekutumia ameweka na alama ya mikono ya dua.

Kila mmoja na zamu yake. Siki kwanza, kwa sababu mkojo ukichacha hutoa amonia, na amonia huvunjwa makali na asidi. Sisi hili tunalijua toka jikoni, hatukuwa tu na jina lake: ukitoka kuparua samaki unasugua mikono kwa ndimu, shombo linakata. Ni kazi ile ile. Baking soda inakuja baadaye, ikiwa kavu, kazi yake kunywa kilichobaki.

Sasa tuseme wewe ni mpangaji, kama sisi wote. Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama mwenye nyumba anakuja, tarehe anaijua. Dakika tano kabla yake paka amepita dirishani. Paka wake, tuelewane. Amelikagua kochi, akaligeuzia mgongo, akanyanyua mkia.

"Hodi!"

"Karibu mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

Karibu hiyo ni ya mdomo. Mwili umeziba mlango. Mkono mmoja nyuma unakandamiza kitambaa kikavu kwenye doa. Unakandamiza, husugui, maana ukisugua unausukuma mkojo chini na pembeni, doa la kiganja linakuwa la sinia. Ukiweza, panda juu ya kitambaa kwa kisigino mpaka kitoke kikavu. Umwagie maji ya baridi, ukandamize tena. Maji ya moto acha, yanaligandisha doa kwenye kitambaa.

"Mbona umesimama hivyo?"

"Mguu, mama. Umekufa ganzi."

Anaingia. Kwake ni kwake. Na wewe chupa iko mkononi: siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 250, na maji mililita 250. Siki ya rangi usiguse, itakuachia doa la pili. Ulitakiwa uijaribu kwanza nyuma ya kochi, kipande cha kiganja, usubiri kikauke uone kama rangi inachuja. Lakini mama mwenye nyumba ameshaketi kiti cha mkabala, majaribio ya nini tena.

"Mwanangu, humu mbona kunanuka achari?"

"Siki, mama. Nasafisha."

"Unasafisha nini?"

Ndiyo hapo sasa. Ukisema paka, utaulizwa wa nani. Ukinyamaza, kochi litajibu lenyewe. Basi unapuliza kwa heshima, fyu, fyu, kama unatia marashi kwenye kanzu. Na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mkojo umezama vidole viwili ndani ya sponji, wewe unalowesha ngozi ya juu. Siki lazima ifike ulikofika mkojo. Fungua kifuniko, mimina doa lilowe chapachapa, liache dakika 15, ndipo ukandamize tena. Achari yenyewe itaondoka siki ikikauka, saa chache tu madirisha yakiwa wazi. Mama mwenye nyumba hataondoka.

"Angalia! Usimwage kwenye teraso yangu!"

Kinachouma ni kwamba yuko sahihi. Teraso ni vipande vya marumaru na saruji, asidi inaila, mng'ao unakwenda na haurudi mpaka aitwe fundi aisugue upya. Unafuta kwa maji haraka, umepiga magoti mbele ya mwenye nyumba, kodi haijalipwa. Picha yenyewe ukiitazama kwa mbali, unamwonea huruma mtu huyo.

Anaona umenywea, anakupa ushauri wa bure. "Tia mafuta ya karafuu. Ya Pemba. Matone kumi tu."

Mama yangu. Kwanza mafuta na maji hayachanganyiki. Yanaelea juu, unapuliza maji matupu wiki nzima, siku ya mwisho unapuliza karafuu tupu. Ukiyataka lazima uyakoroge kwanza kwenye spiriti kijiko cha chakula, ndipo uongeze maji, na utikise kila mara. Pili, ini la paka haliwezi kuichakata karafuu vizuri. Wala mkaratusi, wala mafuta ya maganda ya limau. Yanamgandia manyoya, anajilamba, anaumwa kweli. Nawe utamweleza nini mwenye nyumba aliyelea paka huyo toka kitotoni?

Na huyo anaingia. Mkia juu, anapita katikati yenu, anarukia kochi, ananusa palepale. Mama anamtazama, anakutazama.

"Huyu paka wako naye, mfundishe adabu."

Wako! Anakula kwake, analala kwake, ana bakuli lenye maua kwake. Kukojoa ndiyo amehamishiwa kwetu. Kodi tunalipa ya miezi sita mbele, maji ni ya kununua kwa ndoo, na sasa tumepewa mifugo!

Haya. Akishaondoka, na kitambaa kikishakauka, nyunyiza baking soda mpaka pawe peupe, ilale usiku kucha, asubuhi brashi. Baking soda nimesema. Ya chapati za maji, ile baking powder, ina wanga ndani, ikikuta unyevu inakuwa uji kwenye kochi. Magadi nayo ni makali, yapeleke kwenye maharage. Na ile dawa ya madoa yenye klorini usiikaribishe kabisa: ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, ikikutana na mkojo inatoa gesi nyingine isiyo na huruma vilevile. Tena usiijaribu hata kidogo, huu si utani.

Harufu nyingine hazina makuu. Friji iliyokaa na samaki umeme ukiwa umekwenda zake: baking soda kijiko cha chakula, maji ya uvuguvugu nusu lita, itikise iyeyuke yote la sivyo pua ya chupa inaziba, puliza, futa. Taulo lenye uvundo, siki nusu kikombe kwenye maji ya mwisho ya kusuuza. Viatu, spiriti ya asilimia 70 ndani, nje upeponi, mbali na jiko la mkaa kama unazipenda nyusi zako. Maji ya mchaichai yananukia vizuri, lakini ni chai, weka friji na usipitishe wiki, yakichacha utakuwa unapuliza harufu unayoifukuza. Juisi ya limau ina sukari. Puliza kochini usiku, asubuhi sisimizi wameshafungua tawi.

Na baada ya hayo yote, vile vichembe vya yuriki vingine vitabaki. Siki inaua amonia, yuriki haiimalizi. Hiyo inataka dawa yenye vimeng'enya, inauzwa kwa wenye maduka ya mifugo, bei yake ukiisikia unaanza kufikiria kuuza kochi. Dawa ya kudumu ni kumhasi dume, kazi ya daktari wa mifugo, mara moja tu. Lakini nani atamshika? Na nani alipe? Maana ukiuliza mwenye paka, ua zima linatazama juu. Subiri jioni utumbo wa samaki umwagwe, uone anavyoitwa kwa majina matatu kutoka milango mitatu, na wa kwanza kuitika ni kuku.