Kulanti au maji matupu kwa gari la spoti Lubumbashi?

Lubumbashi haina baridi ya kugandisha injini. Hata usiku wa Julai maji ya rejeta hayawi barafu. Ndiyo maana wenye Subaru WRX na Toyota GT86 wanaopenda kuzikimbiza huuliza: kwa nini nilipie kulanti (coolant), kimiminika cha kupoza injini, ya nchi za theluji?

Hoja ya maji ina uzito. Kilo moja ya maji hubeba kama kilojuli 4.2 za joto kwa kila digrii. Mchanganyiko wa nusu maji, nusu ethilini glaikoli, kiini cha kulanti nyingi, hubeba takriban 3.4. Kwenye uwanja wa mbio, injini inapozungushwa juu bila kupumzika, tofauti hiyo ina maana. Tena viwanja vingi vya mbio hukataza glaikoli: ikimwagika, lami huteleza na haikauki upesi, na anayeumia ni dereva anayekuja nyuma. Kwangu, hoja hii ya usalama inaizidi ile ya joto.

Wanaotetea kulanti wanataja kuchemka. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hapa maji kwenye sufuria wazi huchemka karibu digrii 96. Lakini rejeta imefungwa. Kifuniko chake kikiwa kizima, cha kuhimili shinikizo la bar 1.1, maji hayachemki hadi digrii 120 hivi, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu karibu 128. Kifuniko kilicholegea basi kinakupokonya digrii zaidi ya 20, ilhali glaikoli inakuongezea nane tu. Fundi apime kifuniko kwanza.

Kinachonifanya nisimame upande wa kulanti ni kutu. Silinda hedi na rejeta za alumini hulika polepole, bila kelele, hadi siku gasketi inapopitisha maji. Viongezi vya mbio kama Water Wetter vina kinga kiasi, lakini gari linalokaa wiki nzima kwenye foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linahitaji zaidi.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kulanti nyingi za Kijapani hutumia fosfeti, kemikali ya kuzuia kutu; Wazungu waliiepuka kwa sababu maji yao mengi yana chokaa, na fosfeti ikikutana na chokaa huacha magamba ndani ya rejeta. Maji ya visima vya Katanga, yanayopita kwenye miamba ya dolomiti, yana tatizo hilohilo. Ukinunua kulanti nzito ya Kijapani ukaizimua kwa maji ya kisima, umelipa pesa kujenga magamba. Nunua iliyokwisha kuchanganywa, au tumia maji yaliyotoneshwa (distilled), yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, maana dukani dumu la maji ya betri hukaa jirani na la asidi. Rangi nayo isikudanganye: hakuna sheria inayosema kila ya kijani ni sawa na nyingine.

Kwa gari la barabarani linalokimbizwa mara mojamoja, ningeweka theluthi moja ya glaikoli: kinga inabaki, na maji mengi yanaendelea kubeba joto. Anayelipeleka uwanja wa mbio wa Kyalami, Afrika Kusini, aulize kwanza kanuni za siku hiyo. Wakidai maji, asafishe mfumo wote, aweke maji yaliyotoneshwa na kiongezi, kisha arudishe kulanti kabla gari halijarudi kazini.