Dawa ya Magugu na Mbolea Zishauriwe kwa Pamoja

Hapa Urambo, mkoani Tabora, mkulima wa mahindi akiuliza kama atrazini, dawa ya magugu aliyopulizia, itaidhuru tumbaku ya msimu ujao, huenda akajibiwa kwamba udongo utaimaliza wenyewe. Jibu hilo lina ukweli, lakini linanisumbua, kwa sababu wanaofanya kazi hiyo ni bakteria, nao huifanya kwa kutafuta riziki yao.

Waliochunguzwa sana ni bakteria wa Pseudomonas aina ya ADP, waliopatikana Marekani katika udongo uliomwagikiwa atrazini. Jeni zao kuu sita za kuivunja zimo katika plasmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ambacho bakteria mmoja anaweza kumrithisha mwenzake aliye hai. Jeni tatu za mwanzo hufanya kazi wakati wote. Kimeng'enya kinachotokana na jeni ya kwanza huondoa klorini, na hapo dawa hupoteza nguvu ya kuua mimea. Tatu za mwisho, zinazokamilisha kazi kwa kupasua kiini cha molekuli, zina msimamizi, protini iitwayo AtzR, ambayo huziwasha hasa pale asidi ya sianuriki, zao la hatua zilizotangulia, inapokuwepo na naitrojeni nyingine ikiwa haba. Kila molekuli ya atrazini ina atomi tano za naitrojeni, na hizo ndizo zinazotafutwa; amonia ikiwa tele, bakteria hawana sababu ya kuhangaika na hatua hizo za mwisho.

Sisi nasi tunamwaga urea katika shamba lilelile, na katika baadhi ya udongo imeonekana kwamba mbolea ya naitrojeni hupunguza kasi ya kuvunjwa kwa atrazini. Isitoshe, mvua za Tabora zikikatika, ardhi hukauka kwa miezi, na bakteria bila unyevu hawafanyi kitu. Shamba ambalo halijawahi kupuliziwa huenda hata halina bakteria wa kutosha wenye jeni hizo.

Kwa hiyo naona ni kosa afisa ugani kushauri dawa leo na mbolea siku nyingine, kana kwamba ni mashamba mawili. Ningefurahi kuona watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi wakipima jambo hili katika udongo wetu wa kichanga. Kwa sasa, mkulima achote udongo wa shamba lake katika kopo, na ule usiopuliziwa katika kopo jingine, apande miche michache ya tumbaku katika yote mawili, kisha ailinganishe kwa wiki kadhaa kabla ya kuhamishia kitalu kizima shambani.