Hondohondo wapo wengi, lakini watataga wapi?

Nimeudhika sana. Mti mkubwa umeangushwa pembezoni mwa msitu huku kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, mti wenye tundu la hondohondo, na aliyeulizwa akajibu kuwa ndege hao hawamo hatarini kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia. Ni kweli, hawamo. Hondohondo mwenye mashavu ya fedha anapatikana kuanzia Ethiopia hadi Msumbiji na Zimbabwe, na ukiwa kwenye msitu wetu wa Amani asubuhi utasikia kelele zao kabla hujawaona. Lakini orodha ile inapima uwezekano wa spishi nzima kutoweka duniani. Haijampa mtu ruhusa ya kushika msumeno.

Ndege huyu hatoboi tundu lake kama kigogota. Anategemea pango lililojifanya lenyewe ndani ya mti mzee, mnene. Jike huingia humo, mlango huzibwa kwa udongo ukabaki mwanya mwembamba tu, naye hukaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Dume ndiye anayehangaika na matunda kutwa nzima, na baada ya taabu yote hiyo mara nyingi hutoka kinda mmoja tu. Miti hiyo ikiisha, hondohondo wazima wataendelea kupita juu ya vichwa vyetu kwa miaka, maana wanaishi muda mrefu, nasi tutaendelea kusema wapo tele, kumbe hakuna wanaozaliwa.

Kasuku wa kijivu naye alikuwa tele. Ghana, alikolala kwa makundi makubwa, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 1992. Mwaka 2016 IUCN ikamtangaza kuwa hatarini.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hondohondo hawahawa wamesaidia kusambaza msizi, mti wa kuletwa uliovamia msitu wa Amani. Ila mti huo uliletwa na watu. Ndege anakula tunda na kuangusha mbegu mbali, na ndivyo anavyoipanda mikuyu pia.

Hifadhi ya Amani ipo tangu 1997, lakini hondohondo huvuka mpaka wake kwenda kwenye mashamba na misitu ya vijiji, na huko ndiko miti mikubwa inakoondoka. Kamati za misitu za vijiji ziitie alama miti yenye matundu, na kibali cha kuvuna kisitolewe kabla mtu hajaikagua msimu wa kutaga.