Mwani si taka
Nimesoma habari yenu ya waliojitolea kusafisha ufuo wa hifadhi moja ya kisiwani; hongera kwao, kazi ya jua kali hiyo. Ila picha ya habari hiyo imenitia shaka: kijana anazoa mwani mkavu na kuutia gunia moja na chupa za plastiki. Jamani, uacheni! Ndani yake mna wadudu wanaoliwa na ndege wa pwani, na huzuia mchanga usipeperuke. Shambulieni nyavu za nailoni zilizotelekezwa, hata zilizofukiwa nusu, maana haziozi na hunasa kasa miaka nenda rudi. Msimu wa kasa kutaga mayai, reki zibaki nyumbani, watu waokote kwa mkono. Wasimamizi wawaeleze haya kabla hawajashuka botini.