Mlenda Kwenye Reli

Kosa langu ni moja tu: starehe yangu siyo pombe wala mpira. Hapa Nkuhungu kuna wanaume wanalala baa na wanasamehewa. Mimi ninayeshinda chumbani na tramu yangu ndogo ya mfano, nimeitiwa wazee wa ukoo.

Na ni tramu, siyo treni! Treni nendeni mkaione stesheni ya SGR. Tramu ni ile inayopita barabarani katikati ya magari, kama kule Lisbon, inavuta umeme kwenye waya wa juu. Mwaka 1888 Frank Sprague alishazitembeza Richmond, Marekani, kwa kijiti kilichosimama kwenye paa. Namweleza shemeji haya yote, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu: "Sawa, ila hiki kitreni chako..."

Yangu ni kipimo cha HO, ndogo mara 87 kuliko yenyewe, reli kwa reli milimita 16.5. Inatumia volti 12 kutoka kwenye chaja ya ruta iliyokufa. Lakini uniti za LUKU zikiisha, Mama Neema macho yote kwenye tramu. Mke wangu, hii inakula wati 6! Pasi yako inakula 1,000. Dakika moja unayonyooshea kola, mimi ningezunguka kwa muda wa karibu saa tatu. Hesabu hiyo nilimwandikia kwenye karatasi. Akaifungia maandazi.

Kilichonitesa zaidi ni kona ya kugeuzia. Tramu ikifika mwisho inazunguka kitanzi, inarudi kwa njia ileile. Umeme wangu ulikuwa unapita kwenye reli, moja chanya, moja hasi. Chora mchangani utaona: kitanzi kikijifunga, chanya inakutana na hasi. Shoti! Chaja mbili zimeungua hapo. Dawa yake nikaja kuipata: waya wa juu uwe chanya, reli zote mbili ziwe hasi, basi, geuza utakavyo. Nikasimamisha nguzo za spoku za baiskeli, nikakaza waya wa shaba, nikakaa kutazama cheche ya bluu pale kijiti kinapoteleza. Siku hiyo hata ugali sikuukumbuka.

Wiki hiyohiyo akaja mama mkwe kutoka Mpwapwa. Tukampa chumba hicho cha tramu.

Sasa mtu mzima wa Ugogoni anaona plaiwudi pana, jua la dirishani linaipiga mpaka saa kumi, na juu yake kuna kamba. Afanyeje? Akaanika mlenda. Narudi jioni, jiji langu lote limefunikwa majani, na leso yake inaning'inia kwenye waya. Mama mkwe hakemewi. Nikasema, "Shikamoo mama, ahsante kwa mboga."

Vumbi la Dodoma peke yake lilikuwa linanitosha. Upepo wa mwezi wa saba ukivuma, kila asubuhi nasugua reli kwa kitambaa na spiriti, maana gurudumu likikanyaga vumbi umeme haupiti. Leo nachokonoa gia kwa sindano, natoa mlenda kipande kimoja kimoja.

Nikawasha. Kimya. Nikafungua mpaka mwisho. Kimya. Kumbe umeme wenyewe umekatika. Nikaenda zangu kulala, swichi nikaiacha vilevile.

Saa nane usiku ukarudi. Nilichosikia ni yowe.

Asubuhi mama mkwe akaniita pembeni, sauti ya chini kabisa: "Mkwe wangu, chumba kile kina panya. Ana tochi."