Mtoto anawaka kila siku: lithiamu, valproeti, risperidoni au kusubiri kwanza?

Mzazi akishaambiwa na daktari wa akili kwamba mwanawe aanze dawa ya kutuliza mudi, maswali mawili yanamgonga kwa pamoja, je kweli anahitaji, na kama anahitaji basi ipi. Wengi wanarukia la pili, wanaanza kulinganisha madhara ya dawa moja na nyingine usiku kucha, na mi naona hapo ndo tunapopotea, maana dawa hizi hazitibu "hasira", zinatibu ugonjwa fulani.

Ugonjwa huo ni bipola, mudi inayopanda mno na kushuka mno, na mtoto mwenye bipola huwa na vipindi. Siku kadhaa mfululizo analala masaa mawili matatu na asubuhi wala hachoki, anaongea mpaka hupati pa kuchomekea neno, ana mipango mikubwa mikubwa, alafu kinapita na anarudi alivyokuwa au anazama kabisa hata kuoga hataki. Mwingine amenuna mwaka mzima, ukimwambia zima simu anapiga mlango teke, kesho tena hivyohivyo. Wote wawili wanachosha lakini si ugonjwa mmoja. Marekani walijifunza hili kwa gharama, kuanzia miaka ya 1990 watoto waliopewa jina la bipola waliongezeka sana, mpaka mwongozo wao wa magonjwa ya akili wa 2013, DSM-5, ukaweka jina jingine kabisa kwa hawa wa kununa kila siku. Na lithiamu ilipojaribiwa kwa watoto wa aina hiyo katika utafiti mmoja mdogo haikushinda kidonge bandia. Kwa hiyo wale wanaosema "msimpe mtoto dawa, subirini" wana hoja nzito hapa, sio kwamba dawa ni sumu, ila unaweza kubeba madhara yote na faida usiione.

Ila kama ni bipola kweli, kusubiri nako kuna bei. Mtoto anapoteza shule na marafiki, na hatari ya kujiua ipo, haya hatuyaweki kwenye mizani kwa sababu hayaandikwi kwenye karatasi ya dawa. Hapo ndo swali la ipi linakuja.

Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2012, watoto 279 wa miaka 6 hadi 15 waliokuwa kwenye mania, yaani kile kipindi cha kutolala na kuongea bila kukoma, waligawanywa kwenye risperidoni, lithiamu na valproeti. Baada ya wiki nane waliopata nafuu walikuwa asilimia 68.5 kwa risperidoni, 35.6 kwa lithiamu na 24 kwa valproeti. Ukiishia hapo utasema basi kesi imefungwa, lakini hao wa risperidoni ndo walionenepa zaidi, na dawa hiyo inapandisha homoni ya prolaktini, mtoto wa kiume anaweza kuota matiti. Mwambie kijana wa miaka 13 aendelee kumeza hiyo kitu uone. Na wiki nane ni muda wa kuzima moto, haikuambii mwaka wa tatu utakuwaje.

Lithiamu ndo kongwe, tangu John Cade wa Australia alipoandika habari zake 1949, na kwa watu wazima ndiyo yenye ushahidi mzuri wa kupunguza kujiua. Mimi naiheshimu, lakini ni dawa inayodai nyumba yenye utaratibu. Damu ipimwe kuona kiwango chake, figo na tezi ya shingoni (thairoidi) zichekiwe, na mtoto akitapika na kuharisha siku nzima, au akipewa dawa ya maumivu ya ibuprofeni na mtu asiyejua, kiwango kinaweza kupanda mpaka kikawa sumu. Mikono ikianza kutetemeka sana, anayumba, maneno yanaburuta, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, sio kusubiri kliniki. Kama mtoto anakaa wiki kwa mama na wiki kwa baba na hao wawili hawaongei, mi ningeiogopa lithiamu hata kama kwenye vitabu ndo bora.

Valproeti ni rahisi kidogo kuifuatilia, ila kwa binti nasema hapana mpaka njia nyingine ziishe. Akishika mimba akiwa anaitumia, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na wengi zaidi hupata shida za ukuaji na kujifunza. Uingereza wameibana mpaka tangu Januari 2024 mtu wa chini ya miaka 55, awe mwanamke au mwanaume, haanzishiwi bila wataalamu wawili kukubaliana. Binti wa miaka 12 anakua, jamani.

Kuna na dawa ya nne, lamotrijini, watu wanaipenda kwa kuwa hainenepeshi, lakini inapandishwa polepole kwa wiki nyingi kwa sababu ya upele unaoweza kuua, na watoto wako kwenye hatari kuliko watu wazima, hasa ikichanganywa na valproeti. Kwa mania ya leo haikusaidii.

Kabla ya kukubali yoyote, muulize daktari mtajuaje kama imefanya kazi na mtaamua lini. Andikeni masaa ya kulala na siku za fujo kuanzia sasa, kabla ya kidonge cha kwanza, la sivyo baada ya miezi mitatu mtabishana baba anasema kapona mama anasema bado. Na kama haisaidii, ipunguzwe na daktari taratibu, maana lithiamu ikikatwa ghafla mania inaweza kurudi kwa kasi.