Forester ya Turbo na Mark X: Takwimu za Pwani, Barabara za Bara

Ubishi wa wapenda magari wa Nairobi kuhusu gari lipi ni bora kati ya Subaru Forester 2.0XT na Toyota Mark X 250G haujapata mshindi, na sababu mojawapo ni kwamba pande zote mbili hutegemea takwimu zinazokadiriwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ilhali magari yenyewe yanaendeshwa karibu mita 1,800 juu yake.

Kwenye karatasi, Forester ya kizazi cha SH (cha tatu) ina injini ya boksa, yaani iliyolaza silinda zake ubavuni pande mbili, ya silinda 4, lita 2.0, yenye turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini) na nguvu farasi 230. Mark X iliyotoka mwaka 2009 ina V6, injini ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, ya lita 2.5 isiyo na turbo, yenye nguvu farasi 203. Kwa kuwa uzito wao unakaribiana, tofauti hiyo si kubwa, na dereva wa Mombasa au Dar es Salaam ana haki ya kuipuuza, hasa akikumbuka kwamba Mark X ina giaboksi ya otomatiki ya gia 6 ilhali ile ya Forester ina gia 4 tu, zilizoachana mno kiasi kwamba sehemu ya faida ya turbo hupotea gia inapobadilika.

Nairobi hesabu hubadilika. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa ya huko ni nyepesi, hivyo V6 hupoteza takriban moja ya sita ya nguvu zake na kubaki na farasi kama 170. Turbo huisukuma hewa ndani kwa shinikizo, kwa hiyo injini yake hupoteza nguvu kidogo kuliko V6. Ukipanda hadi Timboroa, ambako barabara ya kwenda Eldoret hupita mita 2,700, pengo huongezeka. Zaidi ya hayo, Forester hutoa msokoto wake wa juu (nguvu ya kuzungusha magurudumu), nyutoni-mita 319, kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika, ilhali Mark X hungoja hadi 4,800 ili itoe 243. Mlimani, nyuma ya lori, hilo ndilo jambo linalohisiwa na mguu.

Hata hivyo, watetezi wa Subaru husahau kwamba faida hiyo ina gharama. Kadiri hewa inavyokuwa nyepesi, ndivyo turbo inavyolazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na joto huongezeka. Injini hiyo ilirekebishwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema) karibu 100, ambayo petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii. Ikiwa mmiliki wa awali alichelewesha kubadilisha oili, turbo ndiyo hulipa kwanza, na hata kubadilisha plagi ni kazi, kwa kuwa vichwa vya silinda vimebanwa na kuta za bodi pande zote mbili. Mark X ya 2009 na kuendelea ilitengenezwa itumie petroli ya kawaida, ingawa nayo hukusanya masizi kwenye vali kwa sababu mafuta hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda.

Kuna pia hoja ya Safari Rally, ambayo Subaru ilishinda 1997 kwa Colin McRae na 2000 kwa Richard Burns. Ni fahari halali, lakini haihusu gari la familia la otomatiki lililoshushwa bandarini likiwa na umri wa miaka saba.

Kwa maoni yangu, anayeishi nyanda za juu na aliye na rekodi kamili ya matengenezo mkononi achukue Forester bila kusita. Asiye na rekodi hiyo, hata akiwa Eldoret, afadhali akubali farasi wachache wa Mark X, kwa sababu turbo iliyochoka haina faida yoyote ya mwinuko.